Maji Kwanza, Samaki Baadaye: Hotuba kuhusu Kuzalisha Perege Wadogo wa Ziwa Tanganyika Majumbani

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, akina mama na akina baba mliofika pamoja na vijana wenu, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo limekaa sebuleni kwangu, kule Uyole, kwa miaka tisa sasa. Niliombwa nieleze namna ya kuzalisha samaki wadogo wa mapambo ndani ya tangi la kioo. Nimeona ni heri nizungumzie aina moja ninayoifahamu vizuri, kuliko kuwapitisha juu juu katika aina kumi ambazo nyingine nimezisikia tu kwa wenzangu.

Samaki huyo ni wa ukoo wa perege, lakini mtu akimwona kwa mara ya kwanza huwa haamini udugu huo. Dume aliyekomaa hafiki mbali zaidi ya sentimita nne au tano, na jike huishia kwenye sentimita tatu hivi, kiasi kwamba anaweza kulala juu ya kidole gumba na mkia wake usining'inie sana. George Albert Boulenger, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi katika makumbusho ya London, ndiye aliyemwandika katika kumbukumbu za sayansi mwaka 1906, na jina lake leo ni Neolamprologus multifasciatus, maana yake mwenye mistari mingi. Mistari hiyo ya rangi ya kahawia iliyofifia inashuka ubavuni kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani, na macho yake huwa ya buluu mwanga ukimpiga vizuri. Makazi yake ya asili ni sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Tukitoka hapa Mbeya kupitia Tunduma na Sumbawanga, tukashuka Matai hadi Kasanga, tunakuwa tumefika kwenye maji ya upande huo huo wa ziwa. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu samaki huyu anafugwa Ujerumani na Marekani na watu ambao hawataukanyaga kamwe ufukwe wa Kasanga, na sisi tulio jirani zake wengi wetu hatujawahi hata kulisikia jina lake.

Maisha yake yote yanazunguka gamba la konokono. Katika Ziwa Tanganyika kuna konokono aitwaye Neothauma tanganyicense, ambaye hapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Akifa, gamba lake halimong'onyoki upesi, kwa kuwa maji ya ziwa lile ni ya kialkali na yamejaa madini, kwa hiyo magamba yanalundikana mwaka hadi mwaka mpaka sehemu fulani za sakafu ya ziwa zinakuwa zimetandikwa magamba matupu badala ya mchanga. Hapo ndipo perege huyu alipoifanya nyumba yake. Kila jike ana gamba lake, analala ndani yake, anakimbilia ndani yake akitishwa, na anatagia mayai ndani yake. Udogo wa mwili wake ni matokeo ya maisha hayo, kwani aliye mkubwa kuliko mlango wa gamba hana pa kukimbilia.

Hapa naomba mniruhusu nichepuke kidogo, kwa sababu ziwa hilo hilo lina samaki mwingine anayeonyesha jambo hili kwa namna ya kushangaza zaidi. Anaitwa Lamprologus callipterus. Jike wake naye hutagia ndani ya gamba, kwa hiyo hana budi kuwa mdogo, lakini dume wake huyazoa magamba kwa mdomo, moja baada ya jingine, na kuyapeleka kwenye himaya yake ili majike waje kutaga humo. Dume asiyeweza kulibeba gamba kwa kawaida hapati jike, kwa hiyo madume wamekuwa wakubwa kadiri vizazi vilivyopita, na leo dume ana uzito wa wastani wa mara 12 kuliko jike wake. Gamba lile lile limemfanya jike awe mdogo na dume awe mkubwa. Kila ninapowafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha nne somo la uteuzi wa asili, mfano huu ndio ninaouanza, na sijaona mwingine unaoeleweka haraka namna hiyo.

Narudi kwa mdogo wetu. Neno nililokuja nalo leo ni kwamba kulea watoto wa samaki huyu si kazi ya mfugaji. Samaki mwenyewe anaijua kazi hiyo, na anaifanya kwa uangalifu kutushinda. Kazi ya mfugaji ni maji. Mfugaji akiyaweka maji sawa kisha akaizuia mikono yake, vifaranga watakuja wenyewe. Akiyapuuza maji, au akawa na mikono isiyotulia, hatapata kitu, hata awe na tangi la thamani kiasi gani. Mimi nilikosea kwa njia zote mbili kabla sijaelewa.

Tuanze na maji, kwa sababu sisi wa nyanda za juu tuna shida ambazo mfugaji wa Kigoma hazijui. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye mwinuko wa mita 773 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji yake ya juu hukaa kwenye nyuzi joto 24 hadi 27 au zaidi kidogo, mwaka mzima, pasipo kubadilika sana. Kiwango chake cha pH, yaani kipimo cha uchachu au ualkali wa maji, huwa karibu na 9. Sisi tuko mita 1,700 na zaidi, usiku wa Juni na Julai tunajifunika mablanketi mawili, na maji yanayoteremka kutoka milimani kwetu ni laini, hayana madini mengi. Maji ya bomba nyumbani kwangu nimeyapima mara nyingi, na pH yake hucheza kati ya 6.8 na 7.2. Kumchukua samaki wa Tanganyika na kumtia moja kwa moja katika maji hayo ni sawa na kumtoa mtu wa Kyela kwenye joto na kumlaza nje Kitulo bila shuka.

Kuyafanya maji yawe magumu, yaani yenye madini mengi, si kazi ghali. Songwe, hapo karibu, kuna mawe ya chokaa. Yanachimbwa kwa ajili ya saruji na yanapatikana kwa bei ndogo sana. Mimi huyavunja vipande vya ukubwa wa karanga, nikayaosha mpaka maji yatoke safi, nikayaweka katika mfuko wa wavu ndani ya chujio. Pamoja na hayo, kwa kila lita 20 za maji mapya ninakoroga kijiko kimoja cha chai cha soda ya mapishi, yaani baikaboneti ya sodiamu, na kijiko kimoja cha mezani cha haluli, ile chumvi chungu ambayo wazee wetu waliinywa kusafisha tumbo. Maji hayo huyaandaa kwenye ndoo siku moja kabla, nikayapitishia hewa usiku kucha ili klorini itoke, kisha nikayapima. Lengo langu ni pH kati ya 8.3 na 8.8. Sihangaiki kuifikia 9 ya ziwani, kwa kuwa nimeona kwamba utulivu wa maji una maana kuliko tarakimu yenyewe; samaki aliyezoea 8.4 isiyobadilika huzaa vizuri kuliko aliyepandishwa hadi 9 Jumatatu na kushushwa hadi 8 Ijumaa.

Kuna hatari moja inayofuatana na pH ya juu, na naomba vijana muisikilize kwa makini kwa sababu ndiyo inayoua samaki wengi wa wafugaji wapya. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Katika maji, amonia hiyo hukaa kwa sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua uwiano wake. Kwenye nyuzi joto 25, maji yakiwa na pH ya 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Ikipanda hadi 8 inakuwa karibu asilimia 5. Ikifika 9 inapita theluthi moja. Maana yake ni kwamba uchafu ule ule ambao kambale angeuvumilia bila kutingishika unaweza kuwamaliza hawa wadogo kwa usiku mmoja. Kwa hiyo tangi lazima likae na maji, mchanga na chujio linalofanya kazi kwa wiki sita hivi kabla ya samaki kuingia, huku ukiweka chembe ndogo za chakula ili bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, wapate kuongezeka. Bakteria hao huchelewa kwenye baridi, kwa hiyo hita iwashwe tangu siku ya kwanza, ingawa hakuna samaki. Najua ni vigumu kulipia umeme wa tangi tupu kwa wiki sita. Lipeni.

Kuhusu baridi, nilipata somo langu Julai ya mwaka wa kwanza. Umeme ulikatika saa nne usiku na haukurudi mpaka mchana wa siku ya pili. Nilipoamka alfajiri kipimajoto kilikuwa kimeshuka kutoka nyuzi 25 hadi 17, na kati ya samaki wangu wanane watano walikuwa wamelala chini na hawakuamka tena. Tangu siku hiyo tangi langu limezungushiwa sponji ya godoro pande tatu, lina kifuniko cha kioo, na ndani yake kuna hita mbili ndogo za wati 50 badala ya moja kubwa, ili moja ikiharibika nyingine ishikilie, na moja ikigoma kuzima isiwapike samaki kabla sijagundua. Umeme ukikatika, nafunika upande wa mbele kwa blanketi na kuweka zielee juu ya maji chupa mbili za plastiki zilizojazwa maji ya moto, nikizibadilisha kila yanapopoa. Kwa njia hiyo nimevuka usiku mrefu wa Juni nikapoteza nyuzi mbili tu.

Hewa nayo haitutoshi. Kwenye mwinuko wetu mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani, na oksijeni inayoweza kuyeyuka katika maji inapungua kwa kiwango hicho hicho. Pampu ndogo ya hewa inayosukuma chujio la sponji inatosha kabisa, mradi ifanye kazi usiku na mchana, na aliye na uwezo atafute ile yenye betri ndani yake. Chujio la sponji lina faida nyingine, kwamba haliwezi kumnyonya kifaranga.

Sasa makazi. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 35, ambalo linabeba lita 60 na kidogo, linatosha kundi zima la samaki hawa, jambo ambalo huwezi kulisema juu ya perege mwingine yeyote ninayemjua. Mchanga uwe laini, uchekechwe kwa chekecheke la unga, uoshwe, na ulazwe kwa kina cha sentimita tano au zaidi, kwa sababu samaki hawa ni wachimbaji wasiochoka. Utawaona wakibeba mchanga mdomoni, wakiutema mbali, wakirudi, mpaka gamba limezama na kubaki mlango wake tu. Wawekeeni magamba matatu kwa kila samaki.

Naomba sana, magamba hayo yasitolewe Ziwa Tanganyika. Kila gamba lililoko kule lina mwenyewe, au litampata mwenyewe, na anayejaza gunia kwa ajili ya mapambo anabomoa mtaa mzima. Kwenye migomba ya Rungwe kuna konokono wa nchi kavu wanaokufa na kuacha magamba yao. Tafuteni yale matupu yenye mlango wa upana wa sentimita mbili hadi tatu, yachemsheni kwa nusu saa, yasugueni ndani kwa kijiti, yachemsheni tena. Samaki wangu hawakuonyesha hata siku moja kwamba wanajua tofauti. Magamba ya konokono wa majini kutoka kwenye majaruba ya Kyela nayo yanafaa, ila msiwatume watoto kuingia majini kuyatafuta, kwa sababu ya kichocho.

Samaki wenyewe wanunueni wakiwa wadogo, sita au wanane kwa pamoja, kwa kuwa ni vigumu mno kumtambua dume na jike kabla ya kukomaa, na ni afadhali waachwe wachaguane wenyewe. Na hakikisheni mnauziwa samaki wa Tanganyika kweli. Mara ya pili niliponunua, muuzaji aliniletea mbuna wachanga wa Ziwa Nyasa akiapa kwamba ni wale wale. Mbuna ni samaki wazuri mno, lakini jike wao huatamia mayai mdomoni na hana haja na gamba, tena wanakua wakubwa na wakali. Niliwarudisha. Aliyeamua kuwatoa samaki ziwani mwenyewe akumbuke kwamba uvuvi wa samaki wa mapambo unatawaliwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na unahitaji leseni. Aanzie ofisi ya uvuvi ya wilaya.

Baada ya kuwaweka, kaeni mbali. Wiki ya kwanza mtaona mchanga ukihama na mlima ukitokea mahali palipokuwa tambarare. Wiki za baadaye mtaona dume mmoja amejitwalia sehemu ya katikati na majike wamegawana magamba pembeni yake, kila mmoja na mpaka wake usioonekana, wakikutana mpakani na kusukumana kwa midomo. Jike aliye tayari husimama mlangoni pa gamba lake, hujitetemesha mbele ya dume, kisha huingia ndani kinyumenyume au kichwa mbele, hutaga, hutoka, na dume hunyunyiza mbegu zake hapo mlangoni. Kisha jike hurudi. Mayai yako ndani kabisa, kwenye mzunguko wa gamba ambako hakuna jicho linalofika, na jike huyapepea kwa mapezi yake ili maji mapya yaingie. Baada ya siku mbili au tatu yanaanguliwa, na baada ya wiki moja au zaidi kidogo mnaweza kuona, mkitulia vizuri mbele ya kioo bila kutikisa kiti, vitu mfano wa nyuzi fupi za kijivu vikijitokeza kwenye ukingo wa gamba na kurudi ndani mara kivuli kinapopita.

Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya hapa. Jike mmoja alikuwa ameingia gambani na hatoki kula, nami nikashikwa na hamu ya kujua. Nikaingiza mkono, nikaliinua gamba, nikalitikisa polepole juu ya sahani nyeupe yenye maji. Mayai 14 yalitoka, meupe, na hata nilipoyarudisha ndani jike hakulikaribia tena gamba lile kwa siku kadhaa. Mayai yakaota ukungu. Nilikuwa nimesoma vitabu, nilikuwa nimepima maji, nilikuwa nimesubiri miezi mitano, na dakika moja ya kutaka kuona ikaharibu kila kitu. Mwaka huo nilikata shauri kwamba mkono wangu hautaingia tangini isipokuwa kwa kubadilisha maji, robo ya tangi kwa wiki, kwa mrija mwembamba, na maji mapya yamiminwe taratibu juu ya sahani ili yasivuruge mchanga.

Malipo ya subira hiyo ni jambo ambalo sikulitarajia. Kwa samaki wengi wanaofugwa, vifaranga wakishaanza kuogelea lazima watolewe, kwa sababu wazazi wao au majirani watawameza. Hawa sivyo. Vifaranga wanabaki karibu na gamba la mama, wanakua, wanahamia gamba la jirani lisilo na mtu, na mama anapotaga tena wale wakubwa bado wako mtaani, na hakuna anayemla mwenzake. Ndani ya tangi moja utaona vizazi vitatu: wazee, vijana wenye sentimita moja na nusu, na wachanga wanaochungulia. Nilianza tena na samaki sita. Baada ya miezi 14 nilihesabu 32, na sikuwa nimemtenga hata mmoja.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Wakubwa wanakula chakula cha kawaida cha samaki wa mapambo kikisagwa. Vifaranga wanahitaji vumbi, na mimi hutwanga usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, mkavu asiyetiwa chumvi, nikauchuja kwa kitambaa cha chachi, nikawapa kiasi cha ncha ya kisu mara mbili kwa siku, nikiudondosha karibu na magamba kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usipa unachafua maji haraka, kwa hiyo kinachobaki baada ya dakika chache hukivuta kwa bomba lile lile. Aliyeweza kuagiza mayai ya Artemia, vijidudu wadogo wa maji ya chumvi, na kuyaangua kwenye chupa ya maji ya chumvi atawakuza kwa kasi zaidi.

Wakizidi, msiwamwage. Namwambia hivi kila kijana anayechukua samaki kwangu, na wengine huona kama nazidisha, kwani wanauliza samaki mdogo namna hii atadhuru nini katika mto. Mito yetu ina samaki wake, na hatujui ni ugonjwa gani unaosafiri ndani ya mgeni aliyekaa tangini miaka mitatu. Samaki wa Tanganyika asiingie Nyasa, wala wa Nyasa asiingie Ruaha. Mpelekee jirani mwenye tangi lililoiva, yaani lenye bakteria wa kutosha, au punguza joto hadi nyuzi 24 na chakula kidogo, nao watapunguza kuzaa.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa muda wangu umekwisha. Nina vijana 18 waliofikia sentimita mbili, na nitawagawa bure kwa makundi matatu ya sita sita kwa watu watatu walioko katika ukumbi huu. Anayewataka asije na mfuko wa kubebea samaki. Aje Jumamosi asubuhi na maji ya tangi lake ndani ya chupa safi ya nusu lita, tuyapime pamoja mezani kwangu, amonia, naitraiti na pH, na aje tena na maji mengine Jumamosi inayofuata. Yakiwa sawa mara zote mbili, samaki ni wake.